Sasa Naweka Sahihi Mwenyewe

Namibia, Jumamosi asubuhi

Mama mpendwa,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua ukishuka lile shamba la bondeni. Nyanya yetu Kogo anaendeleaje? Bado anakataa kuvaa miwani? Na yule ng'ombe mweupe ameshazaa? Mimi sijambo. Baridi ya huku pwani inaingia mifupani kuliko ya huko kwetu Boito, lakini ile sweta uliyonifumia naivaa mpaka wenzangu kazini wameizoea.

Ningeweza kupiga simu, lakini mtandao unakatikakatika na wewe huanza kulia kabla sijamaliza. Haya nimetaka uyashike mkononi, uketi, uyasome polepole.

Mama, nimepita. Tangu Jumatano naruhusiwa kuandika utabiri wa hali ya hewa wa uwanja wa ndege na kuweka sahihi mwenyewe, bila mtu mwingine kuupitia kwanza.

Umeniuliza mara nyingi: "Si ulishamaliza chuo? Hao watu wanakupima nini tena?" Na wale akina mama wa kanisa wanauliza kama binti yako amekuwa nabii wa mvua. Waambie hivi. Nilipokuwa na diploma hapo nyumbani, kazi yangu ilikuwa kupima tu: mvua, upepo, joto, naandika kwa kitabu. Kumtabiria rubani ni kazi nyingine. Kwanza lazima uwe na digrii ya hali ya hewa, ndiyo maana nilirudi darasani nikiwa na miaka thelathini na moja, nikakaa na watoto walioniita "auntie". Halafu digrii peke yake haitoshi. Ni kama Chelangat wetu hapo hospitali ya Longisa. Alimaliza chuo cha unesi, lakini hakuachiwa wodi mpaka wakubwa wake walipomwona kwa macho akifanya kazi. Na sisi ni hivyo. Mkaguzi anakaa kando yako zamu nzima, anaangalia kama unajua kusoma anga, kuandika utabiri, kutoa onyo mapema, na kumweleza rubani mpaka aelewe. Kiwango ni kimoja dunia nzima, na baada ya miaka michache wanakupima tena. Ukishindwa, unarudi kwa vipimo.

Unakumbuka mara ya kwanza nilianguka. Nilikwambia tu nimeanguka, sikukwambia sababu. Niliona aibu. Utabiri wangu siku ile ulikuwa sawa kabisa. Lakini rubani alipopiga simu kuuliza kama atatua, nilimjibu, "Huenda ukungu ukaondoka, lakini pia unaweza kubaki, inategemea." Nikamweleza habari za unyevu na joto la bahari dakika tano nzima. Mwishowe akasema, "Dada, asante, lakini bado sijui nifanye nini." Mkaguzi, mzee mmoja anayeitwa Bwana Petrus, aliandika maneno hayo hayo kwenye fomu. Niliogopa kukosea, Mama, ndiyo maana nilizunguka. Nilijifungia chooni nikalia.

Wewe ndiye uliyeniinua. Ulisema, "Chebet, karani wa kituo akikataa majani yako ya chai, huyamwagi barabarani. Unatandaza gunia, unachambua yale magumu, unarudi kwenye foleni." Basi nikachambua. Miezi minne, kila asubuhi kabla ya kazi, Ndapewa, msichana tunayeishi naye, alijifanya rubani hapo jikoni. Mimi namweleza hali ya hewa kwa sentensi tatu. Nikisema "huenda", ananinyang'anya kikombe cha chai. Wiki za kwanza sikuwa nakunywa chai.

Jumatano Bwana Petrus akaja tena. Akanisalimia, akaketi na fomu yake. Nje ukungu ulikuwa mzito, huoni hata uzio. Huku ukungu unatoka baharini kwa sababu maji ni baridi sana, na siku nyingi ikifika saa tatu jua limeshaumaliza. Kila mtu alitarajia hivyo. Lakini mimi niliangalia picha za setilaiti, nikaona umetanda mbali sana juu ya bahari, na upepo bado unausukuma kuja kwetu. Nikaandika: hautaondoka kabla ya saa tano.

Saa mbili na nusu rubani wa ndege ya abiria akapiga simu kutoka mji mkuu.

"Nina watu wamekaa tayari. Nije?"

"Usije sasa," nikamwambia. "Kabla ya saa tano hutaona mahali pa kutua. Ondoka huko saa nne na nusu, utakuta pamefunguka."

"Una hakika?"

"Huo ndio utabiri wangu. Ukibadilika, nitakupigia mimi mwenyewe."

"Sawa. Acha niwashushe wakanywe chai."

Sasa sikiliza. Saa tatu kamili, jua likatokea! Ukungu ukapasuka, nikaona mpaka gari la zimamoto lililo upande wa pili wa uwanja. Mwenzangu wa vipimo akanitazama kwa huruma. Simu ilikuwa hapo karibu na mkono wangu. Moyo ulinidunda kama siku ile mvua ya mawe ilipotuchania chai yote.

Bwana Petrus akauliza swali moja tu. "Unabadilisha?"

Nikaangalia upepo tena. Haukuwa umegeuka.

"Sibadilishi. Huo ni mwanya tu, utafungika."

Dakika ishirini, Mama. Sijawahi kuona dakika ndefu namna hiyo, hata tukingoja lori la majani jioni. Halafu gari la zimamoto likapotea, kisha uzio, kisha hata gari langu mwenyewe hapo nje. Ndege ndogo ya mizigo ambayo haikungoja ilizunguka juu yetu mara mbili, tukiisikia bila kuiona, ikarudi ilikotoka. Saa tano na dakika kumi anga ikafunguka, safi kabisa. Na ndege ya abiria ikashuka robo saa baadaye, taratibu, kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Yule rubani alipanda ngazi mpaka ofisini. "Nani aliniambia ningoje?" Nikainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Bwana Petrus akaweka sahihi, akavua miwani. "Umetoka wapi wewe?"

"Kenya, Bomet. Kwa wakulima wa chai."

"Huko wanafundisha ukungu?"

"Hatufundishwi, mzee. Tunazaliwa ndani yake."

Alicheka mpaka akakohoa.

Nisalimie Kogo, na Chelangat dada yangu, umwambie sasa sote tumepimwa. Msalimie Baba Mdogo Kiprono, na asiniulize habari za kuolewa mpaka nimalize kujivuna. Umsalimie pia Mama Wanjiru wa duka, na mwalimu wangu wa jiografia hapo Mogogosiek, aliyeniachia kipima mvua cha shule nikisome kila asubuhi wakati wengine wanacheza.

Nakala ya cheti iko ndani ya bahasha. Tafadhali usiifungie sandukuni. Itundike sebuleni, mbele ya picha ya Baba, mahali ambapo anaweza kuisoma.

Kongoi, Mama. Asante kwa yote.

Ni mimi mtoto wako,
Chebet