Hisa Zako na Jicho la Mama

Saidi mdogo wangu,

Nakuandikia waziwazi, ndugu wengine nao wasome, kwa sababu simu zangu hupokei tena. Sikuulizi hali. Nimekasirika, na nataka ujue hivyo kabla hujafika mstari wa pili.

Unakumbuka siku uliyopiga kutuambia umenunua hisa? Ulikuwa umetimiza mwaka huko ughaibuni, unapanga maboksi ghalani. Hapa Ilongero mimi na mama tulikuwa tunapiga alizeti. Niliweka simu juu ya gunia, sauti yako ikasikika mpaka kwa jirani. "Shikamoo mama! Shikamoo dada! Sasa hivi na mimi ni mmoja wa wenye kampuni!" Ukatueleza kwamba unanunua kwa simu tu, kampuni za nchi kubwa, kidogo kidogo kila ukilipwa. Mama akauliza, "Na hao wenzako wenye kampuni, wanakujua?" Ulicheka mpaka ukakohoa. Nilikuonea fahari, Saidi. Nilitamba nawe bombani.

Ndiyo maana mama alipoanza kujigonga milangoni na kumimina uji nje ya kikombe, sikusita kukuambia. Nilimpakia kwenye bodaboda, nikamshikilia kwa nyuma hadi mjini. Daktari akasema ni presha ya macho, apasuliwe mapema, maana uoni ukishapotea haurudi. Nilikupigia palepale nje ya hospitali. Ukasema, "Dada, nipe wiki mbili. Hisa zimeshuka. Nikiuza sasa, hasara inakuwa ya kweli."

Nikakuamini. Hilo linaniuma kuliko yote. Wiki mbili zikawa miezi. Kila nikipiga unanifundisha: mwekezaji mzuri hana papara, wenzako wote wa kwenye grupu la wenye hisa wameshikilia, hawauzi, soko likianguka watu wazima hawakimbii. Watu wazima! Na mama wakati huo anapapasa ukuta kutafuta mlango wa choo, na bado ananikataza nisikusumbue. "Mwache mtoto. Yuko ugenini, labda hata kula hali."

Hivi ulisahau baba alivyotulea? Mwaka ule wa njaa, kibuyu cha mtama wa mbegu kilining'inia darini, na tulichapwa wote wawili kwa kukigusa tu. Lakini homa ilipokulaza hata kichwa huinui, baba mwenyewe alikishusha, mama akasaga, ukanyweshwa uji. Nilimuuliza mwakani tutapanda nini. Akanijibu, "Na huyu akifa, nimpandie nani?"

Niliuza maksai wetu wawili. Msimu huu tumelima kwa jembe la mkono. Mama amepasuliwa jicho la kulia, anaona. La kushoto limezima, na daktari ametuambia tusitarajie kitu. Siku alipofunguliwa bandeji alinitazama muda mrefu, akasema, "Umekonda, mwanangu." Wiki hiyohiyo ndipo ulipotuma ujumbe: "Dada, zimepanda! Sasa naweza kuuza." Ukaweka na kikatuni kinachocheza.

Kwako hasara haikuwa ya kweli kwa kuwa hukubonyeza simu. Huku ilikuwa ya kweli kila asubuhi mama alipoamka.

Usinitumie kitu. Wala sisemi kununua hisa ni dhambi. Mtu kutafuta maisha hajakosea. Umekosea uliposikia mama anapofuka, ukaenda kuangalia bei.

Na kuna jambo hulijui. Mama anaamini kampuni yako ilikufa, ukabaki mikono mitupu. Kila anayekuja kumpa pole, mama anamwambia, "Angekuwa nacho, mwanangu asingeniacha." Wanaitikia, wanamsifia malezi. Mimi naangalia chini.

Mpigie, Saidi. Mwambie kwa mdomo wako kwamba ulikuwa nacho. Mimi sitamwambia, na ndugu wanaosoma hapa nawaomba wasimsomee, lakini kukusitiri nimechoka.

Ni mimi dada yako, tuliolala tumbo moja.