Mchi Juu ya Kompyuta

Alhamisi, baada ya magharibi

Mara ya nne leo. Gemu limekolea, feni inanguruma, mara kioo chote buluu, na maandishi yale yale ya kunisanifu, kama yananicheka. Nshafuta kila kitu nikaanza upya, mara mbili. Bure.

Nikapandwa na mashetani. Nilishuka jikoni nikachukua mchi wa kinu, nikaitwanga kompyuta mpaka vibonyezo vikarukia ukutani na vidole vyangu vikatoka damu. Raha niliyoipata, Mungu anisamehe.

Ilipopasuka tumbo ikanuka ubani. Feni imeganda masizi na majivu. Kumbe ilikuwa haipumui, inachemka, inazima.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, chetezo mkononi, moshi unafuka.

"Kila ukitoka nnaifukiza, mwanangu," akasema. "Nliona inazimika ovyo, nkajua ishapigwa jicho. Ikizidi, na mimi nnazidisha ubani."

Niligeuka nimjibu. Mama akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, chetezo kikamponyoka.

Hapo ndipo nilipoona kuwa mchi bado nimeuinua.