Picha za Harusi Zimefungiwa Ndani

Jumanne, 9 Juni 2015

Kompyuta imekataa kuwaka! Nabonyeza — taa inakuja, inalia mara tatu, inazima. Tena. Tena. Picha zote za harusi yetu zimo humo. Zote! Ndoa ina wiki sita tu. Kila asubuhi mume wangu Benon akiwa kazini Hima, ambako hukaa hadi Ijumaa, mimi huiwasha nimtazame ndani ya ile suti ya kijivu, mzuri mpaka chai inamwagika jikoni. Leo kioo cheusi.

Nimempigia Muniru, mpiga picha wetu wa Kasese. Anasema alishafuta kadi, alikuwa na harusi nyingine. Alifuta! Nimemkatia simu.

Jumatano, 10 Juni

Bado. Nimeipiga kofi. Wifi Medius amepita, akasema kwa sauti tamu kwamba kabla sijaolewa ilikuwa inawaka vizuri. Nikamwacha na chai yake.

Benon alipopiga simu nikammwagia yote. Kwamba alinunua uchafu, kwamba wauza mitumba walimcheka alipowapa kisogo. Akajibu tu, "Kosa langu, mpenzi." Ikanichoma zaidi. Mtu akigombezwa, agombe kidogo!

Na bado nampenda. Hilo nalo linaniudhi.

Alhamisi, 11 Juni

Nimeipeleka kwa boda hadi kwa Benoît, fundi Mkongomani wa karibu na soko la mpakani, hapa hapa Bwera. Nimeifunika kwa kitambaa chake chekundu, chenye majina yetu mawili na vishada virefu nyuma. Nilifuma vitambaa tisa kabla ya harusi: cha redio, cha thermos, cha kila kiti. Nani anataka kuitwa bibi harusi mvivu? Hicho cha kompyuta sikitoi hata ikiwaka.

Benoît amefungua. Feni imejaa nyuzi nyekundu! Akazitoa kwa sindano, moja moja, akiniwekea kiganjani.

"Mama, hii kitambaa njo iliziba pumuzi ya mashine. Bwana yako alikuya hapa, juma mbili zimepita. Nikamuambia, tosha kitambaa, isibakie juu ya mashine. Akasema hawezi, bibi yake njo alifuma."

Wateja wawili wakacheka. Mmoja akaniita mama vitambaa.

Ndani kumeungua. Diski ataijaribu kesho kwenye mashine nyingine. Hajui kama picha zimepona.

Ijumaa, 12 Juni

Nijikasirikie mimi? Hapana, yeye! Mara mbili nilikuta kitambaa kimewekwa kitini. Nikanuna, nikakirudisha. Naye hakunieleza alichoambiwa na fundi. Kwake, bora picha zetu ziungue kuliko mimi ninune! Mimi ni yai?

Benoît hajapiga simu.

Saa kumi na mbili jioni. Benon ndiyo kwanza anaingia, ameniita mke wangu hata kabla ya kuvua viatu. Ameweka mfuko mezani, karibu na daftari hili. Mabonge manne ya uzi mwekundu. Anasema nifume kingine, kile cha kompyuta kimechafuka.

Sasa ameona zile nyuzi za feni, nilizoziweka kwenye kisosi. Ameacha kutabasamu. Anavuta kiti —