Duara Jeupe Uliloacha Ukutani

Papa,

Ukuta umekwisha. Ule wa shule ya Kashojwa unaotazama uwanja, ambao uliuacha na shina moja nene, duara jeupe juu yake, na matawi uliyoyachora kwa mkaa tu. Sasa hata madereva wa boda wanaotoka Base Camp, makao makuu ya kambi, wanapunguza mwendo wakifika pale. Nimeona nikuandikie kabla sijarudi chuoni Mbarara, maana kila nilipokuja likizo swali lako la kwanza lilikuwa, "Kazi imefika wapi?", hata kama kazi yenyewe ilikuwa yako.

Mama ameyapanga makopo yako ya rangi chini ya dirisha, na haruhusu mtu ayaguse isipokuwa mimi. Maharagwe yalitoka vizuri. Kibao cha saluni ulichokipaka bado kinaning'inia pale sokoni, na yule mwanamume uliyemchora juu yake bado ana kichwa kilichonyolewa vizuri kuliko kichwa chochote cha kweli hapa kambini Nakivale. Nikipita namwangalia. Siku nyingine siwezi.

Unakumbuka jinsi wazo la ukuta lilivyoanza? Nilipokwenda chuoni hukuwahi kuniandikia maneno. Ulinitumia emoji. Chungu na uso unaocheka: mmekula. Wingu la mvua na mche: mko shambani. Siku moja nikakutumia picha ya mti wa uhai kutoka kitabu cha biolojia, ule unaoonyesha udugu wa viumbe wote, uliojaa majina ya Kilatini, ukanijibu kwa samaki, chura, mjusi, kuku na tumbili, wote kwenye mstari mmoja, na mwishoni alama ya kuuliza. Nilicheka maktabani hadi watu wakanigeukia. Halafu nikaacha kucheka, nikakutazama vizuri, yaani nikawatazama wale wanyama wako. Sisi wakimbizi tumechanganyika: darasa moja la Kashojwa lina watoto wa Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali, Kibembe. Mwalimu akisema "chura", nusu yao wanabaki wanamtazama mdomo. Lakini hakuna mtoto asiyezijua zile picha za simu. Ulikuwa umenitumia somo lisilohitaji mkalimani.

Tukakubaliana kuuchora mti huo ukutani kwa picha zile, ukaanza kwa kichwa kama ulivyoanza vibao vyako vyote. "Kichwa njo kinaanzaka, Neema. Mutu akipita mbio na boda, aone kichwa." Ukapaka shina, na juu yake lile duara, pana kama sinia, kwa ajili ya uso wa mwanadamu. Nikakwambia mti huu hauna kilele. Kila kilicho hai leo kimesafiri muda uleule kutoka mwanzo, bakteria na mimi sawasawa. Mtu anakaa kwenye kijiti cha pembeni, jirani na sokwe. Ulinitazama kana kwamba nimekutolea kiti chako nje.

"Mutu njo mwenye duka! Utamuweka ku kona sawa mulinzi?"

Tulicheka mpaka Mama akatoka kuuliza nani amekuja. Ukasema tutaamua rangi ikikauka.

Rangi ilikauka, Papa. Wewe, presha ilikuchukua kabla ya Jumapili.

Baada ya mazishi nilikwenda pale ukutani nikashindwa hata kufungua kopo. Mkuu wa shule alikuja akasimama karibu nami, akasema kwa upole, "Mwanadamu iko na nafasi yake pale juu, baba yako alishamwachia. Usiharibu kazi ya marehemu." Mama naye hakuzunguka: "Weka kile Papa yako alitaka." Nikajiona nimebanwa. Nikimpaka mtu juu, nitawafundisha watoto uongo kwa brashi yako. Nikilifuta duara, nitakuwa nimekufuta wewe. Na nikiliacha hivyo, kila atakayepita atasema Papa Neema aliacha kazi nusu, wewe ambaye hukuwahi kuacha hata herufi moja ikining'inia.

Nilirudi Mbarara na picha ya ukuta kwenye simu. Nikamwonyesha Kembabazi, yule rafiki yangu wa Kamukuzi, wa jamii ya wafugaji wa Ankole, aliyekuletea maziwa ukiwa mgonjwa. Nilikuwa nimemchorea ng'ombe wa emoji kwenye karatasi ili aone mpango wote, na akasahau huzuni yangu kabisa. "Hii ng'ombe gani? Pembe iko wapi? Nyinyi mumechora mbuzi!" Akataka ng'ombe awekwe kwenye lile duara, na hakuwa anatania sana. Alipokuwa akinirudishia simu aliilaza mezani, na picha ikajigeuza. Shina lako likalala ubavu. Ghafla hapakuwa tena na juu. Lilibaki duara, na nafasi tupu kulizunguka pande zote.

Nikaigeuza ile karatasi ya ng'ombe, nikaanza kuchora upya.

Papa, hukuwa umekosea mahali pa duara: ndilo katikati. Nilichotakiwa ni kuendelea. Nilifuta mkaa tu, sikugusa rangi yako. Nikatoa matawi kutoka kwenye duara kwenda kila upande, yakagawanyika, yakagawanyika tena, mpaka ncha zote zikafika kwenye ukingo mmoja, umbali uleule. Shina lako nene limekuwa tawi la bakteria, na kwa wingi wao unene huo wanaustahili. Uyoga uko karibu na wanyama kuliko na mgomba. Kiboko wa ziwa letu yuko jirani na nyangumi. Mamba nimemweka na kuku, mbali kidogo na mjusi, na Mama alipoelezwa alishika kiuno: "Kumbe miaka yote nilikuwa napikia batoto ndugu ya mamba!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu tukuzike. Ng'ombe ana pembe ndefu za Ankole, zimevuka mpaka kwenye tawi la mbuzi. Hiyo ni heshima kwa Kembabazi. Na mtu yuko ukingoni, kushoto, kando ya sokwe, mkubwa sawa na mbu. Niliwaza kibao chako cha saluni nikampaka mahali ambapo macho ya mtoto wa darasa la kwanza yanafika bila kuinuliwa. Ataonekana hata na anayepita mbio.

Siku ya kwanza watoto walijazana pale, kila mmoja akitaja mnyama kwa lugha ya kwao, na hakuna aliyepotea. Mkuu wa shule aliyafuata matawi kwa macho mpaka kwa mtu, kisha akaenda kuwaita walimu wengine. Ndipo msichana mmoja akanyoosha kidole katikati. "Dada, na huyu mweupe ni nani?"

Nikamwambia ni mzee wetu sisi wote, yule wa kwanza kabisa, ambaye hakuna anayeijua sura yake. Akalitazama lile duara kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa kaburi la babu yake, halafu akafuata tawi kwa kidole mpaka akafika kwa mtu.

Lile duara sikulipaka kitu. Ukisogea karibu unaona njia za brashi yako, zinavyozunguka. Chini, pale ulipozoea kutia saini, nimeandika "Papa Neema" kwa herufi zako, zile ulizonifundisha.

Pumzika, Papa. Mvua za masika zitarusha tope jekundu hadi kwenye bakteria, nazo rangi zitapauka. Kila mwaka nitakuja na makopo yako kuupaka upya mti wote, kila tawi, hadi ukingoni. Katikati nitapaacha kama ulivyopaacha.

Binti yako,
Neema