Perege sita niliowarudisha majini

Jumapili, Chanika

Bado siamini. Perege sita niliowarudisha bwawani leo wamekufa wote.

Sheria ya pale samaki mdogo unamtoa kwenye ndoana, unamrudisha. Mie naifuataga. Tangu mke wangu afariki, kuvua Jumapili ndiyo starehe yangu pekee. Leo saa nane mchana nawaona wanaelea, matumbo juu!

Nikamwita Bi Zuhura, mlinzi wa bwawa. Akatia mkono majini.

"Ya moto haya, baba. Mvua siku hizi haieleweki, jua ndo hilo. Maji ya moto hewa haba; ukishamvuta akachoka, humu hapumui tena."

"Sasa sheria nifuateje?"

"Usivue. Kesho naiambia kamati ya bwawa ifunge mpaka maji yapoe."

Nilitaka kubisha. Nikawaangalia wale sita. Nikamwambia aiambie kamati na mie nimekubali.

Jumapili ijayo sijui nitashinda wapi.