Jibu Kuhusu Nyumba ya Mama

Mtaa wa Los Aromos,
Chumba cha nyuma,
Santiago, Chile.
Jumapili, 10 Julai 2022

Mpendwa mdogo wangu Idalie,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, kisha nakusalimu tena kwa jina langu mwenyewe, kwa kuwa ni muda mrefu. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Uliniandikia mambo mengi, lakini la goti hukuliandika, na mimi naujua ukimya wako. Mikahawa imetoa maua? Shangazi Vernélie bado anakataa kuvaa miwani? Mimi ni mzima. Baridi ilinibana kifua mwezi uliopita, sasa kimeachia, namshukuru Mungu.

Barua hii inaletwa na Ndugu Lucner wa kanisani kwetu, yule seremala wa Dame-Marie. Amechoka na ugeni, anarudi nyumbani moja kwa moja. Mpe chakula kabla hujaifungua. Ni mtu wa haya, atakuambia ameshiba, usimsikilize.

Najua unataka jibu la swali moja tu. Umeniuliza kama uiuze nyumba ya Mama kwa Bwana Osselin, upate nauli na pesa za yule wakala wa karatasi za safari wa Port-au-Prince, uje tuishi wote huku. Umesema Osselin atangoja mpaka sikukuu ya Mtakatifu Luis mwezi ujao, halafu atanunua kwingine. Nitakujibu. Lakini kwanza nitakueleza ninavyoishi, kwa sababu mtu hauzi nyumba kwa habari za simu inayokatikakatika.

Wilner na mkewe wako Meksiko na mtoto, wanangoja mpaka wa Marekani ufunguliwe. Simlaumu mwanangu kwa kuniacha. Njia ya misituni si ya miguu yangu, na yeye hapa kazi ilikuwa imemwishia. Hupiga simu Jumamosi akipata mtandao. Mjukuu wangu Naïka huniimbia nyimbo alizofundishwa huko, nami humsifu, ingawa nusu ya maneno siyajui.

Kwa hiyo chumba tulimobanana sasa nimo peke yangu. Ulisema angalau nimepata nafasi. Nafasi imezidi, Idalie. Kitanda cha mtoto nimekiegemeza ukutani, nakianikia nguo. Nikipika bado napima mahindi ya watu wengi, nakumbuka maji yakiwa yameshachemka.

Baridi ya huku haipigi hodi, inakaa. Milima yote ya mashariki imekuwa myeupe, na ukiitazama ni mizuri, siwezi kusema uongo. Nina jiko la mafuta ya taa ambalo nikiliwasha kichwa kinaniuma, na nikilizima vidole vinaniuma. Basi huwa nachagua.

Kanisani tumepungua sana. Walioimba besi wote wameondoka kwenda kaskazini, na mchungaji sasa anaimba besi na kuhubiri. Ndugu Lucner akiondoka, hatakuwapo wa kutengeneza mabenchi, ila mabenchi yenyewe hayana wa kuyavunja.

Kazi ninayo. Ni jikoni kwa Bi Eduvina, mwanamke wa hapa anayeuza chakula cha mchana kwa mafundi wa magari. Mimi namenya na kukata. Siku za mvua kila mtu anataka sopaipilla, yaani maandazi yao bapa ya boga, basi mvua ikinyesha mimi ni mtu wa maboga kuanzia asubuhi. Nilisimama mbele ya darasa maisha yangu yote. Sasa nasimama mbele ya beseni. Kazi halali haina aibu, lakini miguu inajua tofauti.

Mpishi wetu anaitwa Maruja. Ana mdomo kama kina mama wa sokoni Jérémie, ungempenda.

"Bibi, hilo boga unalimenya au unalibatiza?" huniambia.

"Nalimenya vizuri."

"Wateja wana njaa, malkia wangu! Boga halina pasipoti, lichinje tu!"

Jiko zima hucheka. Nami hucheka, ila hucheka baada yao, kwa sababu lazima kwanza nielewe. Nikimaliza kuelewa wao wameshahamia jambo jingine, na mimi nabaki nacheka peke yangu na kisu mkononi.

Sasa nikueleze jambo lililonipata mwezi wa Mei, kwa kuwa jibu lako limetokea humo.

Bi Eduvina aliniambia tukifunga jiko, "Siku moja uje kwetu tunywe chai, bibi. Jumapili yoyote!" Wewe unajua kwetu mtu akikualika amekwisha kukuwekea kiti. Mimi sikujua kwamba huku maneno hayo husemwa pia kama kwaheri. Jumapili iliyofuata nilivaa gauni la kanisani na kofia, nikaoka keki ya viazi vitamu kama ya Mama, nikaifunga kwa kitambaa, nikaenda.

Lango lao ni la chuma, limefungwa. Nikasimama wima nikaita, "Heshima!" kama tulivyofundishwa, nikangoja nijibiwe "Staha!" ndipo nisogee. Mtu wa kwetu hagusi lango la watu kabla hajaitikiwa. Akajibu mbwa. Nikaita tena, kwa sauti ya darasani. Mbwa wa jirani naye akaingia. Ndani nilisikia mpira kwenye televisheni na watu wakicheka.

Dirisha likafunguka, kijana mkubwa mwenye ndevu akatoa kichwa.

"Hatununui kitu leo, bibi!"

"Siuzi kitu. Heshima kwa nyumba hii!"

"Hiyo nayo hatununui, tunayo ya kutosha!" akasema, akacheka, akafunga dirisha. Hakuwa na ubaya. Aliona mwanamke mweusi mwenye kifurushi, na wengi wanaopita mtaa ule na vifurushi wanauza.

Hakuna aliyenizuia kuita tena. Sikuita. Niligeuka nikarudi chumbani, nikala keki ile asubuhi na jioni mpaka ikaisha.

Kesho yake Bi Eduvina akaja jikoni na mkoba wake begani.

"Bibi, mwanangu anasema jana kuna mama mwenye kofia alikuja kutuuzia kifurushi na heshima. Niambie hukuwa wewe."

"Nilikuwa mimi. Nilikuja na keki tunywe chai."

Maruja akaacha kukata vitunguu.

"Na kengele ya langoni, kubwa kama sahani, hukuiona?" akauliza Bi Eduvina.

"Niliiona. Kwetu tunaita, tunangoja."

Bi Eduvina akajifunika uso kwa viganja. Alipoufunua alikuwa mwekundu. "Jumapili hii unakuja," akasema, "na utaibonyeza hiyo kengele mpaka iungue!"

"Na keki asiisahau!" akadakia Maruja, akarudia vitunguu vyake, akinitupia jicho.

Nilikwenda. Nilibonyeza kengele. Walinipokea vizuri, Idalie, na nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Yule kijana alinibusu shavuni na kuniomba radhi mara nyingi mpaka nikamwamuru aache. Waliniweka kiti cha karibu na hita. Walinipa chai, mkate wenye parachichi, mkate tena. Keki waliigombania.

Wakaanza kuzungumza. Walizungumza habari za harusi ya binamu, za mjomba aliyekufa na deni la gari, za jirani aliyejenga ukuta. Walicheka, wakabishana, wakapigana makofi magotini. Nilijua mazungumzo ya namna hiyo. Ndiyo yale yetu ya barazani, na majina mengine tu. Nami nilikaa katikati yake nimeshika kikombe, nikatikisa kichwa walipotikisa.

Mwishowe Bi Eduvina akanikumbuka. "Na kwenu, bibi? Kwenu kuna nini?"

Nilitaka kumweleza baraza, na mshelisheli ulioangukia paa mwaka wa kimbunga tukaendelea kula matunda yake, na Mama akisuka nywele zetu kwa zamu na kutupiga kwa kitana tukitingishika. Maneno ya Kihispania ninayo ya jikoni tu. Nikasema, "Kuna nyumba."

"Kubwa?" akauliza.

Nikafikiri. Nikasema, "Ina mdogo wangu ndani."

Wakasema, "Aa, vizuri, vizuri," na goli likaingia kwenye televisheni, wote wakaruka.

Nilitembea kurudi chumbani nikiwa nimeshiba na nimeota moto, na sijawahi kuwa mpweke kama jioni ile. Njiani niliyarudia maneno yangu. Katika mji huu wote, Idalie, hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kusema juu yangu nikaeleweka. Ukiuza ukaja, tutakuwa wawili kwenye chumba hiki, na tukiulizwa kwetu kuna nini, sote wawili tutasema kulikuwa na nyumba.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usiuze.

Sababu nyingine nitazitaja, ingawa zingetosha peke yake. Yule wakala simwamini. Kanisani kwetu wapo waliolipia ndugu zao karatasi za namna hiyo, na ndugu hao mpaka leo wamekwama uwanja wa ndege wa nchi nyingine. Na kazi za huku ni za kusimama. Kwa goti lako hilo ungewezaje?

Sasa nitakuambia jambo moja zaidi, kisha tusilizungumze. Ulipouliza swali lako, moyo wangu ulijibu kabla sijamaliza kusoma. Uliniandikia nikupishe upande wa ukutani kitandani, kwa kuwa hupendi upepo wa mlangoni. Nilisogeza mto kabisa. Ndiyo maana nakuomba usiniulize tena mwaka huu. Ikinifikia barua nyingine kama ile, katika Jumapili kama ya leo, nitakuandikia uje. Na wewe tangu utotoni hujawahi kunibishia, utakuja.

Bwana Osselin umjibu mwenyewe kwa mdomo, usimtume mtu. Mkaribishe kahawa, umwambie dada mkubwa amekataa. Akikasirika, anikasirikie mimi, niko mbali.

Mimi nitarudi lini, sijui. Nangoja kwanza nisikie Wilner na mtoto wamevuka salama. Sitakupa tarehe nisiyoweza kuitimiza.

Nisalimie Shangazi Vernélie, umwambie avae miwani hiyo, nilimnunulia si kwa ajili ya kabati. Nisalimie binamu Fénelon na mkewe, na binti yangu wa ubatizo Guerda, ambaye nataka kusikia matokeo yake ya mtihani yote, mazuri na mabaya. Wasalimie majirani wa pande zote mbili, hata yule wa mbuzi.

Mungu aliyetulea bila baba akulinde ulalapo na uamkapo, akupe afya ya goti na mvua ya kiasi. Chumba changu usikipangishe. Weka mahindi humo ukitaka, lakini kitanda kisitolewe.

Ni mimi dada yako akupendaye, leo kama siku zote,

Célianise