Masanduku Kumi na Moja ya Adela

Adela,

Naichapa barua hii kwa ile mashine yako ya bluu. Najua hilo ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Ndizi na maharage, kidogo tu. Bado sijazoea kupikia mtu mmoja. Napima ya wawili, mgeni haji, asubuhi nakula kiporo nimesimama jikoni.

Miezi minane sasa tangu tukuzike nyuma ya nyumba yako kule Muleba, katikati ya kibanja, kwenye migomba na mibuni. Kaka yako Deo anapalilia vizuri. Msalaba umesimama wima, nimeukagua mwenyewe, maana najua ulivyokuwa hupendi kitu kilichopinda. Mibuni uliyoipanda mwaka ule tuliostaafu imeanza kuzaa, na mimi ndiye niliyelalamika kwamba umeibananisha mno. Nimekosa, naomba radhi.

Mimi bado niko Nyanga, hapa Bukoba, nyumba ile ile, dirisha lile lile lisilofunga. Simu yangu hailii tena Jumapili saa kumi jioni. Ikikaribia saa hiyo najikuta nimeiweka mezani mbele yangu, naitazama. Wiki mbili zilizopita ikatoa mlio, nikairukia nikamwaga chai. Ulikuwa ujumbe wa mtandao, kifurushi changu kimekwisha. Nililia kwa ajili ya kifurushi, Adela, mtu mzima mimi.

Sasa nikupe habari za taipureta zako. Nakuambia yote, hata ya aibu.

Unaijua desturi. Matanga yakishaondolewa, ukoo unakaa, vitu vya marehemu vinagawanywa, kila mmoja apate cha kumkumbukia. Mimi si wa ukoo. Siku zote za msiba nilikaa mkekani na akina mama, nikamenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi, lakini siku ya kugawa niliaga nikarudi Bukoba, kama inavyompasa mgeni. Nikajisemea, taipureta nani atazitaka? Watu walitucheka miaka yote. Wanawake wawili waliofanya uhazili maisha yao yote, wakichapa barua za mabosi hadi mabega yakapinda, wakistaafu wanazunguka kwa mapadre wazee na walimu wakuu wa zamani kutafuta mashine zile zile zilizowapinda.

Nilirudi Muleba baada ya wiki moja. Wifi yako Regina alinipokea vizuri, akanipa kahawa ya kutafuna, kisha akanipeleka barazani. Zilikuwa pale zote kumi na moja, juu ya magunia, uchi kabisa. Moja ilikuwa na tope kwenye herufi. Sanduku hata moja hakuna.

Regina uso umemng'aa. Akasema, "Ma Koku, waitu, mwenzetu wewe, hivi vyuma tumekuwekea wewe, tunajua mlivyopendana. Mabegi tumegawana, maana yalikuwa bado mazuri."

Mabegi. Umesikia? Nilishindwa kumkasirikia, maana alikuwa amefanya hesabu ya haki kabisa. Vitu kumi na moja vyenye mpini na komeo, watu wa ukoo wanahitaji pa kuwekea vitu, na vyuma vizito apewe mwendawazimu anayevipenda. Nani angemweleza kwamba taipureta ya kubeba na sanduku lake ni kitu kimoja? Kwamba kila sanduku limekatwa kwa kipimo cha mashine yake, lina vishikizo vyake, na ukiiweka ndani ya jingine inacheza na kujivunja? Tulilijua sisi wawili tu. Unakumbuka yule katekista mstaafu wa Kaagya aliyetutolea mashine nzuri kabisa imefungwa kwenye shuka? Ukakataa kuinunua. Mimi nakukanyaga mguu, wewe unakataa. Tulirudi kwake mara tatu, mpaka mkewe akakumbuka kwamba sanduku liko darini, limejaa mbegu za maharage. Ulilibeba mwenyewe hadi barabarani, ukikohoa vumbi, ukicheka.

Nikazifunga zote kwa vitenge na majani makavu ya mgomba, nikakodi gari, nikazileta Nyanga. Siku ile sikuweza kuziangalia. Nilizipanga chumbani nikafunga mlango.

Hapa ndipo penye ya kwanza ya aibu, na unaijua kuliko mimi. Ile Alhamisi ulipokuwa kitandani mgonjwa, kabla sauti haijakuishia, ulinishika mkono ukasema, "Koku, leta karatasi tuandike habari ya mashine. Zisitengane na masanduku yake." Nikakujibu, "Acha uchuro, utapona uandike mwenyewe." Kisha nikaanza kukumenyea chungwa ambalo hukuliomba. Hukurudia tena.

Tumechapa wosia wa watu wangapi, mimi na wewe? Nakala tatu, mashahidi wawili, nafasi ya sahihi chini. Wako ungetuchukua dakika kumi. Niliogopa kuliona jina lako juu ya karatasi ya namna ile, basi. Hakuna sababu nyingine. Regina hakukosea. Mimi ndiye niliyekosa, na nilipoziona pale barazani nililijua hilo kabla hata sijameza kahawa.

Ndiyo maana nikaanza kuzunguka kuyatafuta masanduku.

La kwanza nililipata hapa mjini kwa mpwa wako fundi bomba, limejaa spana. La pili lilikuwa kwa mzee wa kanisa, shemeji yake Deo, ameweka vitabu vya kwaya na hataki kusikia habari ya kuvitoa hadi nimwonyeshe begi jipya lenye magurudumu. Ndio ulikuwa mtindo wangu: nakwenda na begi jipya, narudi na sanduku lako. Kule Kaagya, kwa binamu yako, nilikuta kuku amelalia mayai ndani ya lile kubwa la kijani. Binamu yako alicheka mpaka akakaa chini. "Ma Koku, mwache mwenzio aangue kwanza!" Nikamwacha. Nilirudi baada ya wiki tatu, nikakuta vifaranga tisa, nikapewa sanduku. Nimelisugua kwa sabuni, nimelianika, na hadi leo nikilifungua nanusa kuku.

Muleba watu wakaanza kuniita Mama Mabegi. Ungefurahi sana.

Nilipopata la saba, lile lenye kitambaa chekundu ndani tuliloliokoa kutoka kwa mchwa, nilitoa simu pale pale kituoni nikutangazie. Nilikuwa nimeshalitafuta jina lako nikalipata. Basi likaniacha.

Yakabaki manne, kisha mawili, kisha moja. Hilo moja lilikuwa la hii ya bluu, mashine yako ya kwanza, uliyoinunua kwa mshahara wako ukiwa binti, kabla hatujajua kwamba tunakusanya chochote. Sanduku lake alipewa Anitha, mjukuu wako, maana ndio alikuwa anakwenda kuanza kidato cha kwanza. Analala bweni, huko huko Muleba. Ulimlea tangu ana miaka minne, kwa hiyo nilijua amelitunza.

Nikangoja siku ya kutembelea wanafunzi. Nilimpelekea mkate, karanga, senene wa kukaanga kwenye kopo, na begi jipya lenye zipu tatu. Amerefuka. Nikamweleza kwamba lile ni sanduku la mashine ya Bibi, kwamba nimeyapata yote isipokuwa hilo. Hakubisha. Alisema, "Sawa, Bibi Koku," akaenda bwenini akarudi nalo. Akapiga magoti kwenye nyasi, akatoa vitu vyake kimoja kimoja. Daftari. Sabuni. Barua zako zile ulizomchapia alipokuwa likizo kwa baba yake. Picha yako ndogo ya kitambulisho, alikuwa ameibandika ndani ya kifuniko kwa gundi ya wali, akaibandua kwa ukucha polepole isichanike. Kisha akafuta ndani kwa kiganja, akafunga makomeo, akanipa kwa mikono miwili.

Na mimi nikalipokea, Adela. Nikamshukuru, nikambusu kwenye paji la uso, nikapanda basi nalo nikalipakata hadi Bukoba. Hiyo ndiyo ya pili ya aibu.

Nyumbani sikuvua hata viatu. Nilifunga roli ya karatasi isicheze, nikaiweka mashine kwenye vishikizo vyake, nikashusha kifuniko. Makomeo yakashika. Kumi na moja, kila moja ndani ya lake. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, mikono mapajani.

Nadhani nilikuwa nangoja nisikie kwamba umenisamehe. Nikasikia jirani anajaza ndoo bombani. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Miezi yote hii nilikuwa na mahali pa kwenda, begi la kubeba, mtu wa kumwelezea habari zako, na sasa imekwisha, na hakuna hata mmoja wa kumwita aje aone. Nina upweke. Nimechapa maneno ya watu wote katika maisha yangu, na hili langu sikuwahi kulichapa mpaka sasa.

Nilipolifungua tena lile la Anitha niliona pale kwenye kifuniko alama ya gundi, mraba mdogo. Nilitaka kuisugua. Nilichukua kitambaa, nikakiloweka, nikakisogeza, nikashindwa.

Ulitaka zisitengane na masanduku yake. Kwamba zikae kwangu hukusema, hilo nililiongeza mwenyewe. Kwa hiyo nimempigia simu matroni wa shule. Amekubali mashine hii ikae ofisini kwake, na mtoto aitumie Jumamosi na Jumapili. Jumamosi hii nakwenda Muleba tena. Nampelekea Anitha sanduku lake, na mashine ikiwa ndani. Nitamwomba radhi, mkubwa kwa mdogo. Kisha nitamfundisha kufunga roli kabla ya kushusha kifuniko, na kusafisha herufi kwa mswaki mkavu, na kwamba atakayethubutu kuitia mafuta ya kupikia nitamfuata hadi bwenini. Nitamwambia pia kwamba barua zile zote ulimchapia kwa hii.

Zile kumi zilizobaki, pamoja na nne zangu, nimeziandikia karatasi. Nakala tatu, mashahidi wawili, mmoja wao mwenyekiti wa mtaa, ambaye alisoma mpaka mwisho kisha akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimejifunza. Kila mashine imetajwa na sanduku lake kwenye mstari mmoja.

Nakuaga hapa, rafiki yangu. Ukurasa unakaribia kwisha, na utepe umefifia, utaona herufi zinavyopauka kuelekea chini. Nakuahidi nitakuja kibanjani kila msimu wa kahawa nichume na Deo, hata kama mgongo utalalamika. Nakuahidi pia kwamba nitaendelea kukuandikia. Ila baada ya Jumamosi nitakuandikia kwa kalamu. Nina mashine kumi na nne nyingine humu chumbani, lakini sitaki kukuchapia kwa nyingine yoyote zaidi ya hii. Hati yangu ya mkono unaijua ilivyo mbaya, Adela. Soma polepole, sina haraka, na hakuna mtu mwingine ninayemwandikia.

Wako,
Koku